Nyuzi Zilizokazwa Kumkaba Chiriku

Sauti ile ilikuwa yake.

Chiriku aliganda mlangoni, mkono kwenye kitasa, vile vile tulivyomwacha wiki iliyopita. Ndani ya chumba cha nyuma cha ukumbi mtu alikuwa akiimba wimbo wake, kwa sauti yake, akivuta pumzi pale pale anapovuta yeye. Na yeye alikuwa nje, mdomo umefungwa.

Ni kanda, alijiambia. Wanasikiliza kanda ya zamani wajikumbushe.

Kisha mwimbaji wa ndani akakohoa, akasafisha koo, akarudia mstari.

Kanda haikohoi. Chiriku akasukuma mlango.

Aliyesimama mbele ya maiki, kavaa viatu vyekundu vya Chiriku vya jukwaani, alikuwa binti yake wa kumzaa. Kitinda. Huyu huyu aliyeaga mchana kwamba anawahi darasa la ushonaji.

"Shikamoo, Mama," Kitinda alisema. Mtu akikosa la kusema husalimia.

"Marahaba. Huu ndio ushonaji?"

"Mama, usianze."

"Sijaanza. Nimeuliza swali."

"Mwache mtoto," ilisema sauti ya kiume kutoka pembeni. Solo, mpiga gitaa, alikuwa amekalia spika kama mtu aliyekalia kiti cha urithi. Hakuinua macho. "Anapasha maiki moto tu."

"Siku hizi maiki inapashwa moto kwa viatu vyangu?"

Besi, mpiga gitaa la besi, alicheka. Kisha akakumbuka yuko upande gani, akainama kukunja waya. Besi ni kaka yake Chiriku, tumbo moja, na hicho kicheko ndicho kitu pekee alichompa dada yake siku hiyo.

Kwa msomaji aliyedandia njiani, niseme haraka. Bendi hii ilinyamaza tangu koo la Chiriku lilipochanika jukwaani, katika ukumbi huu huu, katikati ya ule wimbo wao mkubwa ambao watu huuita wimbo wa mlango. Daktari alimpasua, akatoa kinundu kooni, akampa sharti. Kuimba ataimba, ila mahali pake palipozoeleka. Kulazimisha sauti ya juu marufuku. Kupiga kelele marufuku. "Koo hili likichanika tena," daktari alimwambia, "hata chumvi utaiomba kwa mikono."

Solo, aliyekuwa mume wake, hakungoja kidonda kipone. Alihama na gitaa lake na spika zote, akamwachia kabati tupu na binti mmoja aliyeitwa Kitinda kwa sababu mama yake alisema akishamzaa huyo basi, na kweli ikawa basi.

Leo bendi inarudi jukwaani. Kila bango la mtaa lina uso wa Chiriku. Na Chiriku, mwanamke aliyekuwa akigombana hadi majirani wanachagua upande, leo lazima agombane kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale.

"Vua viatu," alisema polepole.

"Baba kasema nivae nizoee."

"Uzoee nini?"

Kitinda alimtazama baba yake. Solo alikuwa akifuta gitaa kwa kitambaa, anafuta mahali pasafi.

"Nimwambie?" binti aliuliza.

"Mdomo ni wako."

"Haya, Mama. Ukweli ni kwamba huwezi tena. Kila mtu anajua isipokuwa wewe. Jikoni unanong'ona. Bafuni unanong'ona. Juzi ulikuwa unamfukuza kuku wa jirani kwa kumpungia khanga kwa sababu huwezi kusema 'shii'."

"Nimeambiwa nitunze sauti."

"Unaitunzia nini? Kitu kisichotumika ni pambo."

Besi aliacha waya wake.

Mzazi mwenye binti wa umri ule anaijua ile saa ambayo mkono unawasha. Chiriku aliuficha mkono nyuma.

"Neno hilo si lako," alisema. "Nalijua limetoka wapi. Nimelala nalo kitanda kimoja." Akamgeukia Solo. "Wewe baba mtoto, tangu lini unamfanyisha mtoto mazoezi mgongoni mwangu?"

"Tangu aliponiomba."

"Nilimwomba mimi," Kitinda alidakia.

"Unaona?" Solo alisema. "Mimi sijamteka mtu."

Mlango uligongwa teke. Aliingia mama mmoja mnene, funguo zikining'inia kiunoni, jasho likimtiririka. Huyo ni Mama Ukumbi, mwenye jengo, na hajawahi kubisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe.

"Nyinyi mnapiga muziki au mnapigana? Watu wamejaa hadi kwenye ngazi. Jua lile linazama, wameanza kuimba wenyewe, na wanaimba vibaya."

"Tuko tayari, Mama Ukumbi," Solo alisema.

"Nani anaimba?" Macho yake yalimpima Kitinda kuanzia nywele hadi viatu vyekundu. "Huyu? Huyu nani? Kwenye bango nimeweka uso wa huyu." Akamnyooshea Chiriku ufunguo. "Asipotokea huyu mbele, mimi nafunga milango, na nyie mtawaeleza watu wenyewe. Mimi nitakuwa nyumbani kwangu, miguu kwenye beseni."

Tulidhani Solo atakasirika. Alitabasamu.

"Lakini nani kasema Chiriku haimbi?" alisema. "Chiriku anafungua. Wimbo wa mlango, wa kwanza kabisa. Watu wamemmisi."

Msomaji, Solo akitabasamu, kagua mifuko yako.

Chiriku alikagua. Hakuona kitu. Kwa hiyo akafanya lile ambalo bendi hii imelifanya kabla ya kila shoo tangu ilipoundwa.

"Sawa," alisema. "Nyamazeni niwape sauti."

Bendi nyingine zina kinanda cha kuchukulia sauti, nyingine zina mashine. Hii ilikuwa na koo la Chiriku. Kabla ya kupanda jukwaani husimama katikati ya chumba, hufumba macho, huguna "mmm" moja ndefu, na "mmm" hiyo haijawahi kupanda wala kushuka. Ipo pale pale kila siku, kama mlio wa kengele ya shule. Solo hukaza au kulegeza nyuzi zake mpaka zikae juu ya mguno huo. Besi huchukua kwa Solo. Bendi nzima hujengwa juu ya pumzi ya mwanamke mmoja, na yeye huimba akiwa nyumbani kwake, bila kunyanyua kisigino.

Alifumba macho. Akavuta pumzi.

"Hakuna haja," Solo alisema. "Tumeshatyuni."

Chiriku alifumbua jicho moja. "Kwa sauti ya nani?"

"Kwa mashine. Mambo yamebadilika wakati umelala. Siku hizi hatuhitaji koo la mtu."

"Kaka," Chiriku alimgeukia Besi, "mmetyuni kwa mashine?"

Waya wa Besi ulikuwa umeshakunjika vizuri. Akaukunjua, akaanza upya. "Mimi nafuata, mdogo wangu," alisema. "Wewe unanijua. Mimi nafuata."

Kitinda alikuwa anatazama sakafu.

"Piga gitaa nisikie," Chiriku alisema.

"Utalisikia jukwaani pamoja na wenzio."

Kabla hajajibu, mlango ulifunguka tena. Safari hii aliingia mtu mrefu mwenye koti la zamani, mfuko wa tarumbeta kwapani na yai la kuchemsha shavuni. Tarumbeta, mpulizaji. Mkubwa kuliko wote kwa umri na mgomvi kuliko wote kwa kipaji.

"Kumbe mpo hai," alisema, akimeza. "Nilitegemea kukuta mmeuana, nipige peke yangu."

"Mazoezi hukuja hata siku moja," Solo alimkaripia.

"Mazoezi ya nini? Nyimbo hizi nilizipiga wewe ukiwa bado unajifunza kushika gitaa upande wa kulia. Nije nijifunze kwako? Nitakuwa nimelogwa."

"Ndiyo maana nakuambia mapema. Leo ule mwanzo usiupige."

Tarumbeta aliacha kutafuna. "Mwanzo upi?"

"Wa wimbo wa mlango. Ingia kwenye kiitikio. Au usiingie kabisa. Pumzika."

"Bwana mdogo, mwanzo wa wimbo huo ni mimi! Watu wakisikia tarumbeta ndipo wanapojua wimbo gani. Nisipopiga mimi, watadhani mnajaribu umeme."

"Nimesema usipige."

"Kwa sababu?"

Solo alifungua mdomo. Akamtazama Chiriku. Akaufunga.

"Kwa sababu nimesema."

"Basi nimekusikia," Tarumbeta alisema, akatoa yai la pili mfukoni. "Kusikia nimesikia."

Chiriku aliliona hilo. Solo mtu wa maneno, amekosa neno. Lakini Mama Ukumbi alikuwa ameshamshika mkono anamvuta kwenye ngazi za jukwaa, na nje watu walikuwa wanagonga viti.

"Viatu," Chiriku alimwambia binti yake bila kusimama.

Kitinda alivivua, akavitupa. Kimoja kilimpiga mama yake mgongoni. Si kwa bahati mbaya.

*

Ukumbi ulinuka jasho na rangi mpya. Taa zilimpiga Chiriku usoni. Makofi yalikuja, ndiyo, lakini makofi ya watu waliosubiri sana, yale ya kupiga mara mbili kisha mikono inarudi kifuani.

"Bado unayo hiyo sauti," mtu alipayuka kutoka viti vya nyuma, "au umeiacha hospitali?"

Watu walicheka. Chiriku alishika maiki.

"Nimekuja nayo," alisema taratibu. "Wewe umekuja na adabu?"

Wakacheka zaidi, safari hii upande wake. Alihisi mabega yakishuka. Alikuwa nyumbani.

Akampa Solo ishara. Solo akahesabu kwa kichwa.

Na Tarumbeta, aliyekatazwa, akainua tarumbeta yake na kuupiga mwanzo.

Ah, aliupiga! Ukumbi mzima ulisimama. Wanawake walirusha mikono juu. Ule mlio ulitoka safi, mnene, pale pale ulipokuwa siku zote.

Kisha magitaa yakaingia.

Umewahi kusikia milango miwili yenye kutu ikifunguliwa kwa pamoja? Ndiyo hiyo. Tarumbeta chini, magitaa juu, kila mmoja anavuta kwake. Mpiga ngoma alitazama kulia na kushoto kama mtu aliyeshuka kituo si chake. Watu waliokuwa wameinua mikono waliishusha masikioni.

"Acheni!" mtu alipiga kelele. "Mmekuja kututoboa masikio?"

Solo alipiga mguu chini. Muziki ukakatika.

"Umesahau wimbo, mzee!" alimfokea Tarumbeta, kwa nguvu ili watu wasikie. "Nilikukataza! Umezeeka, umesahau!"

Hapo ndipo Solo alipokosea, na ni kosa ambalo angelifanya yeye tu. Mpiga gitaa akitaka wimbo upande, hukaza nyuzi, basi. Amezoea hivyo mpaka anasahau kwamba si kila chombo kina nyuzi.

Tarumbeta alikuja mbele. Akamsogeza Chiriku kwa kiwiko, akaweka mdomo kwenye maiki.

"Mabibi na mabwana," alisema, "tarumbeta haina uzi. Haikazwi, hailegezwi. Ilipokuwa wakati ule ndipo ilipo leo. Kama kuna aliyehama, ni huyo mwenye gitaa. Amelipandisha. Kwa nini amelipandisha, mwulizeni, mimi nilikuwa nakula yai."

Akarudi nyuma, akafuta mdomo.

Chiriku alielewa.

Magitaa yamepandishwa. Hayakutyuniwa kwa mashine. Yametyuniwa kwa koo jingine, jembamba, changa, linalokaa juu, lile alilolidhania mlangoni kuwa lake la ujanani. Na yeye alikuwa anasukumwa kuimba wimbo ule ule huko juu, na katika ubeti wa mwisho wenye mpando wa kutisha angelazimisha, kwa sababu mwimbaji akiwa katikati ya wimbo mbele ya watu hasimami, hulazimisha. Koo lingechanika. Watu wangezomea. Kisha msichana mzuri angetokea gizani na kuokoa shoo.

Bango lilitaka uso wake. Solo aliuleta uso. Koo hakulihitaji.

Alimsogelea. Alisema kwa chini, meno yamekutana, na kwa waliokuwa mbali ilionekana kama mke anamnong'oneza mume.

"Ulitaka nichanike."

"Nilitaka bendi iishi," Solo alijibu, naye kwa chini. "Wewe ungeiua kwa kunong'ona. Mwaka mmoja wa nyimbo za kulala, nani angekuja?"

"Shusha nyuzi."

"Sishushi."

"Shusha, nitaimba, na watu wataamua wenyewe."

"Wameshaamua. Sikiliza."

Watu walikuwa wanagonga viti. Na kutoka upande wa pazia, miguu mitupu, maiki ya pili mkononi, Kitinda aliingia akiimba.

Aliimba ubeti wa kwanza bila chombo chochote. Solo alimfuata mara moja. Besi akafuata, kama kawaida yake. Ilikaa! Magitaa na sauti ile vilikaa pamoja kama kifuniko na sufuria yake. Watu waliacha kugonga viti. Mtu alipiga mluzi. Yule aliyemtania Chiriku habari za hospitali alisema, "Enhee! Huyu ndiye!"

Mama mwingine angelia, au angeshuka jukwaani. Chiriku alisimama pale pale akisikiliza. Ni sikio lake lililojenga bendi hii, na sikio hilo lilisikia kitu ambacho ukumbi mzima haukusikia.

Kila Kitinda alipopanda, chini ya sauti kulikuwa na mkwaruzo. Mdogo. Kama mchanga chini ya mlango.

Akakumbuka kile kikohozi nyuma ya mlango alasiri ile. Akakumbuka vikohozi vya asubuhi nyumbani, ambavyo binti alisema ni vumbi la vitambaa vya darasani. Darasa lenyewe halikuwepo. Vumbi limetoka wapi?

Alikwenda moja kwa moja, akafunika maiki ya Kitinda kwa kiganja.

"Nyamaza."

"Mama, toa mkono!"

"Nyamaza kidogo."

"Una wivu! Mbele ya watu wote, wivu kwa mtoto wako!"

Watu walianza kuzomea. Wanamzomea Chiriku, kwenye jukwaa lake. Mtu alirusha chupa tupu ya plastiki, ikamgonga begani. Hakugeuka.

"Kikohozi cha asubuhi kilianza lini?" alimuuliza binti yake.

"Nini?"

"Ukimeza mate, unahisi punje imekwama hapa?" Alimgusa kooni, chini kidogo ya kidevu, upande wa kushoto. Hakuhitaji kupatafuta. Yeye ana kovu hapo hapo, ndani.

Kitinda alirudisha kichwa nyuma. "Nani kakuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilianza hivyo hivyo. Mwisho wa wimbo, watu wamepagawa, umechoka, unataka kushuka. Anakusogelea na gitaa lake. Anakuambia nini?"

Kitinda alimtazama baba yake, ambaye alikuwa bado anapiga gitaa polepole, anawatabasamia watu.

"'Panda kidogo tu,'" Kitinda alisema.

"'Watu wanapenda juu,'" Chiriku alimalizia.

Walitazamana. Tangu mlangoni alasiri ile, ndiyo mara ya kwanza kutazamana bila kutafutana ubaya.

Kisha Kitinda akaweka maiki chini, akamwendea Solo.

"Baba, shusha nyuzi."

"Rudi kwenye maiki."

"Uliniambia ni mafua. Nilikuambia koo linauma, ukasema ni mafua, ninywe maji ya moto."

"Rudi. Kwenye. Maiki. Watu wanasubiri."

"Ulikuwa unajua?"

Solo alipiga gitaa kwa nguvu zaidi ili aimeze sauti yake.

Basi binti akanyoosha mkono, akashika kigingi pale juu kichwani pa gitaa, kile cha kukazia uzi, akakizungusha. Uzi ulilia ukishuka, mlio mbaya, mrefu, kama ng'ombe anayelalamika, na spika zikautawanya ukumbi mzima.

"Mshenzi wewe!" Solo alifoka. Aliuacha muziki, akainua mkono.

Kitinda hakukwepa. Alizungusha kigingi cha pili.

Sasa nikuambie kuhusu Besi. Mtu huyu maisha yake yote hakuwahi kuanza jambo. Solo akisema twende, anakwenda. Solo akisema tukaze, anakaza. Aliujua mpango wote kuanzia mwanzo, akakunja waya. Katika miaka yote ya bendi, hakuna aliyewahi kumwona akivua gitaa lake katikati ya wimbo.

Alilivua.

Alilishika shingoni kwa mikono miwili, akaliinua juu ya kichwa chake kama mtu anayepasua kuni. Gitaa la besi ni zito, msomaji. Ni gogo lenye nyaya. Na Solo alikuwa amempa mgongo.

"Mpwa wangu humgusi," Besi alisema. Alisema taratibu kabisa, na hilo ndilo lililotisha.

Chiriku alikuwa upande wa pili wa jukwaa. Aliona yote kwa mara moja. Mkono wa Solo juu. Gogo la Besi juu zaidi. Na kichwa cha binti yake katikati, kimeinamia vigingi, hakioni kinachokuja. Gitaa likishuka, litampata nani kwanza?

Kunong'ona kusingefika. Kukimbia kusingewahi.

"KAKAAA!"

Hakutumia maiki. Sauti ilitoka chini kabisa tumboni, ikapasua ukumbi, ikagonga ukuta wa nyuma na kurudi. Watu wa viti vya mbele walijikunyata. Mama Ukumbi, pembeni, alidondosha funguo zake zote.

Mkono wa Solo ulibaki hewani, kisha ukashuka wenyewe. Gitaa la Besi likasimama juu ya vichwa vyao, likitetemeka.

Chiriku alimtazama kaka yake, akafungua mdomo kumwambia aliteremshe. Midomo ilitembea. Besi alisoma midomo, akaliteremsha polepole mpaka likagusa sakafu.

Kwa nini alisoma midomo?

Kwa sababu hakukuwa na kingine cha kusikia.

"Mama?" Kitinda alisema. Alimkimbilia, miguu mitupu ikipiga mbao za jukwaa. "Mama, sema kitu. Nitukane. Mama, nitukane basi!"

Chiriku alimwekea binti yake kidole mdomoni. Alikuwa anahisi kitu cha moto kikishuka ndani ya koo, na ladha ya chuma. Alimeza. Akajishika shingoni kwa kiganja. Akatembea hadi katikati ya jukwaa, pale anaposimama siku zote, akafumba macho.

Waliomjua walielewa anataka kufanya nini.

Tarumbeta alishusha chombo chake kifuani. Besi akapiga magoti kando ya gitaa lake, vidole kwenye vigingi. Na Solo, huyo huyo, aliyesema hahitaji koo la mtu, alitazama nyuzi zake zinazoning'inia, zimelegea, hazijui ziende wapi. Akashika kigingi cha kwanza. Akatega sikio.

"Tupe sauti," alisema.

Chiriku alivuta pumzi. Midomo yake ikakutana kwa ajili ya ile "mmm".

Hata yule wa hospitali, kule nyuma, alimziba mwenzake mdomo ili asikie.